Kilebu Safarini: Historia ya Kuwakinga Watoto wa Mbwa na Maradhi ya Kifua

Kilebu, yaani mtoto wa mbwa, huondolewa kwa mama yake katika umri ambao mwili wake haujajijengea kinga ya kutosha, akatiwa kikapuni, sandukuni au garini, kisha akashushwa mahali penye mbwa asiowajua na vimelea asivyowahi kukutana navyo, na baada ya siku chache huanza kukohoa. Wafugaji wa Ulaya waliujua mfuatano huu zaidi ya miaka 200 iliyopita, kabla hajatokea mtu wa kuwaeleza kirusi ni nini, na ndio uliozaa juhudi ndefu ya kuwakinga vilebu wanaohamishwa. Juhudi hiyo husimuliwa kwa kawaida kama historia ya maabara na sindano, lakini ikifuatiliwa kwa karibu hudhihirika kwamba sehemu yake kubwa ilikuwa barabarani na bandani: kilebu alichukuliwa akiwa na umri gani, alichanganywa na mbwa gani, na alitengwa kwa siku ngapi kabla ya kuchanganywa.

Magonjwa yanayohusika ni mengi, ila mawili ndiyo yaliyotawala historia hii. Kwanza ni distempa, ugonjwa wa kirusi unaoanza na homa, uchafu mzito machoni na puani, kikohozi na nimonia, ambao mara nyingi hushuka tumboni na hatimaye kupanda kwenye ubongo, ukaleta degedege na kupooza. Pili ni kikohozi cha mabandani, jina linalotumika kwa kundi zima la maambukizi ya koo na bomba la hewa yanayozuka mbwa wengi wanapokusanywa chini ya paa moja. Kwa mbwa mzima huwa ni usumbufu wa wiki mbili hivi, ilhali kwa kilebu aliyechoshwa na safari huweza kuteremka hadi mapafuni. Kwa muda mrefu magonjwa haya mawili yalidhaniwa kuwa kitu kimoja, na kosa hilo, kama itakavyoonekana, liliwapotezea watafiti miaka mingi.

Distempa haina historia ndefu sana barani Ulaya. Antonio de Ulloa, afisa wa jeshi la majini la Hispania aliyekwenda Amerika ya Kusini pamoja na wanasayansi wa Ufaransa waliotumwa kupima umbo la dunia, alieleza katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1748 ugonjwa wa mbwa alioukuta huko, ambao uliwapata hasa wale wachanga. Yapata mwaka 1760 ugonjwa wa namna hiyo ulizuka Hispania, na haukuchukua muda kuenea Uingereza, Italia na Urusi. Wapo watafiti wa siku hizi wanaodhani kwamba kirusi chake kilitokana na kile cha surua, ambayo wakoloni waliipeleka Amerika, kikamrukia mbwa huko na baadaye kikavuka bahari kurudi Ulaya pamoja na mbwa waliopakiwa melini. Dhana hiyo bado inajadiliwa, ingawa undugu wa virusi hivyo viwili, pamoja na kile cha sotoka kilichoangamiza ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, hauna ubishi.

Ushahidi ulio wazi zaidi wa uhusiano kati ya kuhamishwa na kuugua unatoka mashambani Uingereza, kwenye makundi ya mbwa wa kuwindia mbweha wekundu. Kabaila mwenye ardhi alifuga makumi ya mbwa hao katika mabanda ya mawe, chini ya mtunzaji aliyejua kila mbwa kwa jina na kwa ukoo. Vilebu waliozaliwa hapo hawakulelewa hapo. Walipoachishwa kunyonya waligawiwa kwa wakulima wapangaji, wachinjaji na wasaga nafaka wa vijiji vya jirani, mmoja huku na wawili kule, wakakulia uani miongoni mwa kuku na nguruwe, wakinywa maziwa ya ziada na kula makombo ya jikoni, hadi walipokaribia kutimiza mwaka ndipo wakarudishwa kwa tajiri ili wafundishwe kuwinda kwa kundi. Desturi hiyo ilikuwa na hekima yake, kwa kuwa watunzaji walikwisha kuona kwamba vilebu waliosongamana bandani walidhoofika, na kwamba waliotawanywa walikuwa na mifupa imara na akili changamfu. Peter Beckford, mwindaji na mwandishi aliyetoa kitabu mashuhuri juu ya uwindaji mwaka 1781, alilalamika hata hivyo kwamba distempa iliwafyeka vilebu wangali kwa walezi wao vijijini, naye akaulaumu uzembe wa matunzo.

Lawama hiyo haikutosha kueleza lililotokea waliporudi. Kila mwaka, vijana wa mbwa kutoka mashamba yaliyotawanyika, ambao wengi wao hawakuwahi kukutana na ugonjwa huo kwa sababu waliishi peke yao, walikusanywa ndani ya siku chache chini ya paa moja na kulala juu ya majani makavu yaleyale. Kama kungekuwa na mtu aliyekusudia kuueneza ugonjwa wa hewa kwa ufanisi, asingebuni utaratibu bora kuliko huo. Mmoja akianza kutoa makamasi, kundi zima la vijana lilifuata, na mabanda mengine yalipoteza nusu yao kabla ya msimu wa uwindaji kufunguliwa. Watunzaji wenye uzoefu walijifunza kuwaweka wageni katika banda la pembeni, kuchoma majani waliyolalia wagonjwa, kupaka kuta chokaa, na kutomruhusu kijana wa banda la wagonjwa kuwahudumia wazima. Hakuna aliyewafundisha hayo kwa kitabu, na wala hawakuweza kueleza kwa nini yalisaidia, lakini katika yote yaliyofanywa kabla ya karne ya 20 ni hayo tu yaliyokuwa na faida ya kweli. Dawa za kuharisha na kutapisha, kutoa damu, na kupitisha uzi chini ya ngozi ya shingo ili usaha utoke, zilimdhoofisha mgonjwa ambaye tayari alikuwa hoi.

Daktari Edward Jenner, ambaye sifa yake inatokana na chanjo ya ndui, alizaliwa na kufanya kazi Berkeley, katika mkoa wa Gloucestershire ambao ulikuwa na makundi mashuhuri ya mbwa wa kuwinda, kwa hiyo hakuhitaji kwenda mbali ili kuiona distempa. Katika makala yake ya mwaka 1809 aliutofautisha ugonjwa huo na kichaa cha mbwa, akaonyesha kwamba huambukiza kwa nguvu kama yanavyoambukiza maradhi ya upele ya binadamu, akaeleza kuvimba kwa mapafu kunakoambatana nao, na akabainisha kwamba mbwa aliyepona ni nadra kuugua tena. Hoja hiyo ya mwisho ndiyo iliyobeba uzito wote wa baadaye, maana pasipo kinga inayodumu hakuna chanjo inayowezekana. Jenner mwenyewe aliamini kwamba ndui ya ng'ombe ingewakinga mbwa pia, na wafugaji wengi walimfuata katika majaribio hayo. Hayakufaulu, na hayangeweza kufaulu, kwa kuwa virusi hivyo havina undugu wowote.

Reli ilibadilisha ukubwa wa tatizo. Maonyesho ya kwanza ya mbwa yenye mpangilio rasmi yalifanyika Newcastle upon Tyne mwaka 1859, chama cha kusimamia nasaba za mbwa, Kennel Club, kikaundwa mwaka 1873, na mbwa ambaye zamani aliuzwa kijijini kwake sasa aliweza kusafirishwa kwa treni akiwa ndani ya kikapu cha matete chenye jina la mnunuzi wa upande wa pili wa nchi. Kikapu hicho kilirudi kwa muuzaji na kutumiwa tena. Kwenye maonyesho, mbwa mamia walikaa ubavu kwa ubavu siku nzima, wakarudi makwao jioni, na wiki moja au mbili baadaye, muda ambao distempa huuhitaji ili ijitokeze, vilebu waliobaki nyumbani wakaanza kuugua ingawa wao hawakusafiri popote. Wafugaji wa nasaba waliielewa hatari hiyo vizuri, lakini medali na bei nzuri vilikuwa na mvuto, na walioacha kwenda walikuwa wachache.

Sayansi ilipoingia katika suala hili, ilianza kwa kupotea njia baada ya kuwa imeshaipata. Mwaka 1905 Henri Carré, daktari wa mifugo wa Ufaransa, aliyapitisha majimaji ya puani ya mbwa wagonjwa katika kichujio chenye matundu madogo kiasi cha kuzuia bakteria, akawapa mbwa wazima yale yaliyopenya, nao wakaugua. Hitimisho lilikuwa kwamba distempa husababishwa na kitu kidogo kuliko bakteria, kile ambacho sasa huitwa kirusi. Hata hivyo, kati ya mwaka 1910 na 1913 watafiti kadhaa, akiwemo Newell Ferry wa Detroit na J. P. McGowan wa Edinburgh, walimpata bakteria wa aina moja katika bomba la hewa la mbwa wengi wenye dalili za distempa, wakaamini kwamba huyo ndiye chanzo. Chanjo za bakteria zikatengenezwa na kuuzwa kwa wingi, na vilebu waliochanjwa wakaendelea kufa kwa distempa. Bakteria huyo, ambaye leo huitwa Bordetella bronchiseptica, hakuwa wa kubuniwa wala hakuwa asiye na hatia: alikuwa chanzo kikuu kimojawapo cha kikohozi cha mabandani, naye alijishika pia kwenye mapafu yaliyokwisha kuharibiwa na kirusi. Ferry na wenzake walikuwa wamegundua ugonjwa mwingine huku wakidhani wamegundua ule waliokuwa wakiutafuta, na kwa kuwa jambo hilo halikueleweka kwa nusu karne, bakteria huyo alipuuzwa kabisa pale ilipothibitishwa kwamba distempa si yake.

Uthibitisho huo ulitoka kwa fedha za wawindaji. Mwaka 1923 jarida la Uingereza la The Field, lililosomwa na watu wa mashamba na uwindaji na kuhaririwa wakati huo na Theodore Cook, lilianzisha mfuko wa michango ya kutafuta kinga ya distempa, na kazi ikakabidhiwa kwa baraza la utafiti wa tiba la nchi hiyo, lililokuwa na shamba la wanyama huko Mill Hill, kaskazini mwa London. Waliopewa jukumu walikuwa daktari Patrick Laidlaw na daktari wa mifugo George Dunkin. Tatizo lao la kwanza halikuwa la kitaalamu sana: hawakuweza kupata mbwa wa kufanyia majaribio ambao wangekuwa na hakika kwamba hawajawahi kuambukizwa, kwa sababu kila kilebu aliyenunuliwa na kusafirishwa hadi Mill Hill aliweza kufika na ugonjwa, au kuuokota njiani. Basi wakajenga ua uliozungushiwa uzio, wakazalisha mbwa wao wenyewe humo ndani, na kila aliyetaka kuingia alilazimika kwanza kuoga na kubadili nguo zote. Vilebu wa ua huo walikua bila distempa kizazi baada ya kizazi, katika nchi ambamo ugonjwa ulikuwa kila mahali. Jambo hilo halikupewa uzito unaostahili wakati huo, kwa kuwa macho yote yalielekezwa kwenye chanjo, lakini ua wa Mill Hill ulikuwa umethibitisha kwa vitendo kile ambacho watunzaji wa mbwa wa kuwinda walikibahatisha kwa uzoefu, kwamba kilebu asiyekutanishwa na mgonjwa, wala na nguo za aliyemgusa mgonjwa, haugui.

Kwa majaribio ya kila siku walihitaji mnyama mdogo na rahisi kumtunza, wakampata fereti, mnyama mwembamba mwenye mwili mrefu wa jamii moja na kicheche, ambaye Waingereza walimfuga kwa ajili ya kuwindia sungura na ambaye distempa humuua karibu bila kubakiza. Kwa kumtumia fereti, Laidlaw na Dunkin walithibitisha mwaka 1926 kwamba Carré alikuwa sahihi, na kufikia mwaka 1928 walikuwa na njia ya kuchanja: mbwa alipewa kwanza tishu za mbwa mgonjwa ambazo kirusi chake kimeuliwa kwa fomalini, kisha baada ya wiki moja au mbili akapewa dozi ndogo ya kirusi hai. Njia hiyo ilikuwa na gharama na hatari, lakini ilifanya kazi. Tawi lisilotarajiwa lilichipuka hapohapo: mwaka 1933, Laidlaw pamoja na Wilson Smith na Christopher Andrewes waliwatumia fereti wa Mill Hill kukipata kwa mara ya kwanza kirusi cha mafua makali ya binadamu, yaani influenza. Binadamu wanaochanjwa influenza leo wana deni kwa mbwa wa kuwindia mbweha, ingawa ni nadra deni hilo kutajwa.

Hatua zilizofuata zilikuwa za kukidhoofisha kirusi hai kiasi cha kufundisha mwili bila kuuleta ugonjwa. Mwaka 1939 Robert Green, wa Chuo Kikuu cha Minnesota, alitoa chanjo ya kirusi kilichopitishwa mara nyingi katika fereti hadi kikapoteza makali kwa mbwa. Kirusi hichohicho cha Green kilichukuliwa na D. A. Haig wa Onderstepoort, taasisi ya utafiti wa mifugo iliyo karibu na Pretoria, Afrika Kusini, naye mwaka 1948 akaeleza jinsi alivyokiotesha katika mayai ya kuku yenye kiinitete. Aina iliyotokana na kazi hiyo, ambayo bado inaitwa Onderstepoort, ilisambaa ulimwenguni na kuingia katika chanjo zilizotumika kwa miongo mingi, hata katika nchi ambazo wafugaji wake hawakujua kwamba jina hilo ni la mahali katika bara la Afrika.

Chanjo ilipopatikana kwa bei ya kawaida, kilichowashangaza madaktari ni kwamba vilebu wengine waliochanjwa vizuri waliendelea kuugua, hasa wale waliouzwa na kuhamishwa punde baada ya sindano. Maelezo yalitolewa katika miaka ya 1950 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, katika jimbo la New York, na ndiyo kiini cha suala zima la kilebu safarini. Kilebu huzaliwa akiwa na kinga kidogo mno. Nyingi huipata katika siku yake ya kwanza kwa kunyonya dang'a, yaani yale maziwa ya kwanza, mazito na ya manjano, ambayo yamejaa kingamwili za mama. Kingamwili ni chembe za protini zinazokinasa kirusi kabla hakijaingia ndani ya seli, na hazichagui: hukinasa cha ugonjwa na hukinasa cha chanjo pia, kwa hiyo sindano inayotolewa mapema hufutwa na kinga ya mama kabla mwili wa kilebu haujajifunza kitu. Wataalamu wa Cornell walipima kasi ya kupungua kwake na kukuta kwamba kingamwili za distempa hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8.4 hivi. Mama mwenye kinga kubwa humwachia mwanawe ulinzi wa wiki nyingi. Mwenye kinga ndogo humwachia wa wiki chache. Na hata vilebu wa tumbo moja hutofautiana, kwa kuwa aliyewahi chuchu hupata zaidi ya aliyesukumwa pembeni.

Katikati ya kupungua huko kuna kipindi cha hatari, ambacho kinaweza kuwa cha wiki moja au zaidi, wakati kingamwili zilizobaki ni chache mno kukizuia kirusi cha mtaani lakini bado zinatosha kuizuia chanjo. Kipindi hicho humwangukia kilebu wa kawaida kati ya wiki ya 6 na ya 16, na ndicho hasa kipindi ambacho biashara na desturi zimechagua kumtoa kwa mama yake. Kwa hiyo chanjo hutolewa kwa kurudiwa kila baada ya wiki chache, si kwa sababu dozi moja ni dhaifu, kama wafugaji wengi wanavyodhani, ila kwa sababu hakuna ajuaye kwa kumtazama kilebu ni siku gani mlango utafunguka. Katika miaka ya 1960 ilijaribiwa njia ya mkato, kuwachanja vilebu kwa chanjo ya surua ya binadamu, ambayo kwa undugu wake na distempa humpa kilebu kinga ya kiasi huku kingamwili za mama zikishindwa kuifuta kabisa. Njia hiyo ilitumika kwa miaka mingi.

Distempa ilipoanza kurudi nyuma katika nchi zenye chanjo, kikohozi cha mabandani kilibaki, na sasa kikaonekana kwa sura yake. Kirusi cha aina ya adeno kilipatikana Toronto mwaka 1961, kile cha parainfluenza kikapatikana miaka michache baadaye katika mbwa wa maabara, na katika miaka ya 1970 Bordetella bronchiseptica alirudishwa mahali pake baada ya majaribio kuonyesha kwamba peke yake anatosha kumfanya mbwa mzima akohoe. Bomba la hewa limetandazwa vijinywele vidogo sana vinavyopiga kwa pamoja kuelekea juu, vikiusukuma ute pamoja na vumbi na vimelea hadi kooni. Bakteria huyu hujishika kwenye vijinywele hivyo na kuvizuia visipige, na kuanzia hapo kila kinachovutwa ndani hubaki ndani. Mbwa aliyepona huweza kuendelea kumtoa bakteria huyo puani kwa wiki nyingi bila dalili yoyote, na kwa sababu hiyo kuwatenga wanaokohoa peke yao hakujawahi kutosha: anayepaswa kutengwa ni kila mgeni. Chanjo ya matone ya puani iliyofuata ilikuwa na faida mbili kwa kilebu wa safari, kwanza kwamba hujenga kinga palepale kimelea kinapoingilia bila kuzuiwa na kingamwili za mama, na pili kwamba huanza kufanya kazi ndani ya siku chache.

Wakati huohuo biashara ilikuwa imekua kuliko zamani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakulima wa majimbo ya kati ya Marekani, hasa Missouri na Kansas, waligeukia ufugaji wa vilebu kama zao la kuuza, na madalali wakawakusanya kutoka mashamba mengi, wakawasafirisha kwa malori na ndege hadi kwenye maduka ya miji mikubwa. Utaratibu wa mabanda ya makabaila ulikuwa umerudi kwa ukubwa mara elfu, ila safari hii vilebu walichanganywa katika umri mdogo zaidi. Marekebisho ya mwaka 1976 ya sheria ya Marekani ya ustawi wa wanyama yaligusa usafirishaji, na kanuni zilizotokana nayo ziliweka umri wa wiki 8 kuwa wa chini kabisa kwa kilebu anayesafirishwa kibiashara, pamoja na masharti juu ya hewa, joto na ukubwa wa masanduku. Umoja wa Ulaya nao, katika kanuni yake ya mwaka 2005, ulikataza kumsafirisha kilebu wa chini ya wiki 8 bila mama yake, na Uingereza mwaka 2020 ikapiga marufuku madalali kuuza vilebu walio chini ya miezi sita. Sheria hizi zina manufaa, lakini wiki ya 8 iko katikati ya kipindi cha hatari kilichopimwa Cornell. Ni umri uliochaguliwa zaidi kwa kuzingatia malezi na tabia, nao hauna ulinzi wowote wa pekee dhidi ya maradhi ya kifua.

Virusi vipya havikungoja. Mwaka 2004 mbwa wa mbio huko Florida waliugua influenza iliyotoka kwa farasi, na ugonjwa ukasafiri pamoja nao kutoka uwanja mmoja wa mashindano hadi mwingine. Mwaka 2015 aina nyingine, iliyojulikana kwanza barani Asia, ilizuka Chicago na kujaza kliniki za mifugo.

Afrika Mashariki ina sura yake katika historia hii, na ni sura iliyoandikwa kwa vifo vya wanyama wengine. Mwanzoni mwa mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kuonekana wakitetemeka na kupatwa na degedege, na mwaka huo ulipokwisha theluthi moja hivi ya simba hao, yaani karibu 1000, walikuwa wamekufa, huku ugonjwa ukivuka mpaka hadi Maasai Mara nchini Kenya. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996 ulibainisha kwamba chanzo ni kirusi cha distempa, na kwamba kirusi hicho kilihusiana na kile cha mbwa wa vijijini, ambao idadi yao kuzunguka hifadhi ilikadiriwa kuwa 30,000. Utafiti wa baadaye uliongeza kwamba ukame uliotangulia uliwadhoofisha nyati, ambao walijaa kupe, na kwamba simba waliokula mizoga yao walipata vimelea vya damu vilivyoifanya distempa iwe kali kuliko kawaida.

Hakuna lori wala ndege katika habari hii, lakini mwendo wa vilebu ulikuwapo. Mbwa wa kijijini Mara, Simiyu au Ngorongoro hanunuliwi dukani. Jike la jirani likizaa, vilebu hugawiwa kwa ndugu na marafiki wanaohitaji mlinzi wa zizi, wengine wakabebwa hadi kata ya mbali au kambi ya malisho. Maisha ya mbwa hao ni mafupi, hivyo wakati wowote ule sehemu kubwa yao ni wachanga ambao hawajawahi kukutana na ugonjwa, na kirusi kinachofika hakikosi pa kuwaka. Kampeni za kuwachanja dhidi ya kichaa cha mbwa, distempa na ugonjwa wa kuhara wa parvo zilianza kuzunguka Serengeti katika nusu ya pili ya miaka ya 1990. Chanjo huletwa zikiwa ndani ya maboksi yenye barafu, meza huwekwa chini ya mti au kwenye uwanja wa shule, na wengi wanaofika ni watoto, kila mmoja akimvuta mbwa wake kwa kamba, mnyororo au kipande cha nguo kilichosokotwa. Vilebu wa chini ya miezi mitatu mara nyingi wameachwa nyumbani, kwa imani kwamba bado ni wadogo mno kwa sindano, nao ndio watakaogawiwa kwa majirani kabla ya kampeni ya mwaka unaofuata. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kampeni hizo zilipunguza distempa kwa mbwa wa vijijini bila kuimaliza kwa simba, jambo linaloashiria kwamba kirusi kimepata wanyama wengine wa kukihifadhi.

Mijini hali ni nyingine, kwa kuwa Nairobi na Dar es Salaam zina madaktari wa mifugo na chanjo za aina zote, na bado vilebu wanaouzwa kando ya barabara hukaa katika kikapu kimoja wakitoka kwa mama mbalimbali, mara nyingi na kadi za chanjo ambazo mnunuzi hana njia ya kuzithibitisha. Miongozo ya chama cha kimataifa cha madaktari wa wanyama wadogo inataka chanjo zianze kati ya wiki ya 6 na ya 8, zirudiwe kila baada ya wiki 2 hadi 4, na dozi ya mwisho ya mfululizo huo itolewe kilebu akiwa amefikisha wiki 16 au zaidi. Anayemchukua kilebu wa wiki 8 anapaswa basi kufahamu kwamba amemchukua mnyama ambaye kinga yake bado haina uhakika, amweke mbali na mbwa wengine wa nyumbani kwa wiki mbili za kwanza hata kama haonyeshi dalili yoyote, na asimkutanishe na mbwa asiyejulikana amechanjwa lini hadi wiki hizo 16 zitimie.